Picha ya Mwanamkuu

Jumanne moja ya mwezi wa sita, saa nne asubuhi, Mwanamkuu binti Shaabani alisimama mlangoni mwa nyumba yake ya matofali pale Bweni akiwa amevaa dera jipya la kijani, herini za dhahabu na saa ya mkononi. Alikuwa ameambiwa atapigwa picha.

Mpigaji alikuwa Klara, msichana wa Kizungu aliyekuja kujitolea kwa wiki sita. Asubuhi alifundisha Kiingereza shuleni, mchana alipiga picha za maisha ya watu. Alikuwa na adabu, na shikamoo aliijua vizuri kiasi kwamba aliwaamkia hata watoto. Mwalimu Hafidhi alifuatana naye kumfanyia ukalimani.

Klara alimtazama Mwanamkuu, akaitazama nyumba, akamnong'oneza Hafidhi.

"Anasema umependeza sana, bi Mwanamkuu," Hafidhi alisema. "Ila anaomba uvae zile nguo zako za kazi. Za kwenye mwani."

"Zile zimechanika, mwalimu. Na mbichi, nimetoka nazo majini sasa hivi."

"Anasema hizo hizo."

Mwanamkuu hakutaka kumvunja mgeni moyo. Akavaa fulana iliyopauka na kanga iliyotoboka, imelowa mpaka magotini. Akaombwa avue herini na saa. Akaombwa asimame nyuma ya nyumba, penye kibanda cha jiko, kwa sababu huko mwanga ni mzuri. Mwisho akaombwa asicheke. Hilo lilikuwa gumu, maana jirani yake Mashavu alisimama nyuma ya mgongo wa Klara akimfanyia vituko, lakini alijitahidi. Picha ikapigwa. Wiki iliyofuata Klara akaenda Kilindoni, akapanda ndege, akarudi kwao.

Mwezi wa nane kulikuwa na hitima kwa jirani. Mwanamkuu alivaa dera lake la kijani, akatoka. Wa kwanza kumwona njiani alikuwa Mashavu.

"Unaenda hitimani na nguo za mwani?" Mashavu aliuliza.

Mwanamkuu akajitazama. Alikuwa na fulana iliyopauka na kanga iliyotoboka, na maji ya chumvi yanamdondoka. Akarudi ndani. Dera lilikuwa sandukuni, limekunjwa. Akalivaa tena, akaongeza baibui juu, na Mashavu alipochungulia mlangoni vyote viwili vikawa sandukuni.

"Nilikuwa nimevaa," Mwanamkuu alisema.

"Haya. Twende tu, tunachelewa."

Walipofika, wanawake walimpisha kwenye mkeka, na Mashavu akaenda kumtafutia beseni la kukingia maji.

Tangu siku hiyo ikawa hivyo. Akiwa peke yake, Mwanamkuu alikuwa na nguo zake na herini zake. Mtu akimtazama, vinarudi sandukuni. Uso nao vivyo hivyo: kicheko kilimtoka kama zamani, lakini mdomo ulibaki umefumba na macho yamelegea, hata watoto wakawa wanageuka kutafuta ni nani anayecheka. Aliposali chumbani, nguo zake nyeupe za kusalia zilikaa mwilini tangu takbiri mpaka salamu. Kwa hiyo alijua kwamba anayemtazama huko anamwona alivyo.

Hafidhi ndiye aliyegundua chanzo. Alimletea simu, akamwonyesha picha yake imebandikwa kwenye ukuta wa kituo cha treni huko kwao Klara, ndefu kuliko mlango. Chini yake paliandikwa kwa lugha ya huko: *Mama Asiye na Kitu*.

"Watu wanapita hapo wangapi?" Mwanamkuu aliuliza.

"Maelfu, kwa siku."

"Mwambie aishushe. Mwambie kwa heshima."

Klara alijibu baada ya siku mbili. Alisema amefurahi sana kusikia habari za bi Mwanamkuu. Alisema watu wanalia mbele ya picha ile. Kuishusha hawezi yeye, chama chao cha misaada kimeichukua kwa miaka mitatu. Akaweka na moyo mwekundu.

Jambo hili lingevumilika, lakini binti yake Warda, muuguzi wa zahanati, alikuwa na mchumba. Mama wa mchumba, bi Somoe, alikuja kutoka Kilindoni na wajumbe wa posa. Alimkuta Mwanamkuu amekaa kwenye kiti, kanga imetoboka magotini, sakafu imelowa. Bi Somoe alikwepa maji, akakaa. Warda aliinamisha kichwa.

"Tumekuta msiba?" bi Somoe aliuliza.

"Hapana, dada. Ni picha." Mwanamkuu akamweleza yote, kisha akaburuta sanduku mpaka katikati ya chumba na kulifungua. Akatoa doti za kanga moja moja, akatoa dera, akatoa herini, akaweka vyote mapajani mwa bi Somoe. "Hizi ndizo nguo zangu. Hivi sasa nimevaa hili la kijani. Sitaki mwanangu aingie kwako watu wakidhani ametoka kwa mtu aliyeshindwa."

Bi Somoe alilishika dera. Lilikuwa na joto, kama nguo iliyovuliwa sasa hivi.

"Limekukaa vizuri," alisema. "Sasa tuzungumze ya watoto."

Harusi ilifanyika mwezi wa kumi na mbili. Bi Somoe mwenyewe alishauri dera litundikwe kwenye kiti cha heshima, herini zikiwa zimebanwa shingoni mwa hilo dera, na Mwanamkuu akakaa kiti cha pembeni, beseni miguuni. Wageni waliingia, wakalisifu dera, kisha wakampa mkono mwenye dera. Warda alipotolewa, vigelegele vya Mwanamkuu vilisikika mpaka msikitini. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa. Bibi mmoja alimfuta maji ya bahari mashavuni, akaendelea kula.

Siku ya pili Hafidhi alikuja na salamu. Alikuwa amemwandikia Klara kwamba Warda ameolewa, na jibu lilikuwa limeingia.

"Anauliza Warda ana miaka mingapi."

"Ishirini na sita. Mwambie."

Hafidhi akaandika, wakangoja. Klara akajibu kwamba chama kimeipenda sana picha na kimeongeza miaka mitano. Kuhusu Warda, alisema pole sana.

"Pole ya nini?" Mwanamkuu aliuliza.

"Hakusema."

Mwanamkuu alikamua upindo wa kanga, maji yakamwagika kwenye beseni.

"Mjibu, mwalimu," alisema. "Mtu akikupa pole unamjibu. Mwambie nimeshapoa."

Hafidhi akaandika hivyo, akatuma.