Sauti Isiyo Kwenye Kanda

Muuguzi alipomwuliza anaendeleaje, mzee alikiinua kishikwambi chake, akadonoa herufi kwa kidole cha shahada, akabonyeza alama ya spika, kisha wote wakangoja. Zikapita sekunde tisa. Ndipo sauti ya mwanamke, kavu, kama ya mtu anayetamani zamu iishe akapumzike, ikatamka: "Barabara."

"Barabara gani tena, mzee wangu?" muuguzi akauliza. "Imefungwa?"

Mkewe mzee, aliyekuwa kwenye benchi na mkoba mapajani, akacheka mpaka akafuta macho. "Msamehe mke mwenzangu," akamwambia muuguzi. "Anataka kusema mzee yuko safi kabisa. Ndivyo anavyolitamka, hafundishiki."

Neno lenyewe lina matamshi mawili. Ukikazia silabi ya tatu, ni ile inayopita magari. Ukikazia ya pili, ni mambo shwari. Mwanamke wa kwenye kishikwambi hakuijua tofauti hiyo, naye ndiye pekee aliyekuja na mashine, basi mzee akawa hana budi kusema kwa kinywa chake. Na loo, mtihani ulikuwa umemwangukia nani! Kabla ya upasuaji wa koo uliomwachia uhai na kumchukulia sauti, huyu alikuwa mtangazaji wa redio kwa miaka thelathini na mmoja. Aliwahi kumtoa mwanafunzi wa kazi studioni kwa kosa hilo hilo, tena hewani wimbo ukiendelea. Hadi leo mtaa mzima unamwita Mtangazaji.

Matamshi angeyavumilia. Kilichomkera hasa ni zile sekunde tisa. Mtangazaji alikuwa mtu wa utani, na utani ukichelewa umekufa. Kwenye kikao cha ukoo aliandika mzaha kuhusu kitambi cha shemeji yake; mashine ikajifikiria weee, na ilipokuja kufunguka, watu walikuwa wamehamia kwenye habari za jirani aliyelazwa. Sauti kavu ikasema, "Huyo akianguka hatumwinui bila winchi." Wote wakamgeukia. Mtangazaji alitamani ardhi ipasuke, na tangu siku hiyo akawa anakaa vikaoni akitikisa kichwa tu. Iliuma. Mtu aliyekuwa akiongea na umma mzima alikuwa amegeuka msikilizaji.

Ndiyo maana Jumapili ile binti yao alipoingia na boksi jembamba, mzee aliinuka kitini kabla hajasalimiwa.

"Baba, hiki kipya," binti alisema, akakiweka juu ya meza ya kulia. "Hakingojwi. Ila kuna jingine. Nilipewa ruhusa pale redioni kwenu, nikakusanya kanda zako za zamani. Kuna fundi wa sauti amezichambua. Andika chochote."

Mzee akaandika lile neno.

"Barabara!" kishikwambi kikasema papo hapo, na sauti ilikuwa yake. Nzito, nyororo, mkazo mahali pake, na ule mvuto mdogo mwishoni uliowafanya wasikilizaji waandike barua. Mtangazaji aliziba uso kwa viganja, akalia bila kuona haya. Binti naye akalia. Mkewe alisimama, akasema ameacha kitu jikoni, akaondoka. Baada ya kujifuta machozi, mzee alikumbuka kwamba jikoni hapakuwa na kitu motoni.

"Dukani wanakichukua hiki cha zamani, hiki kipya kinabaki," binti alieleza. "Au usipokipenda, nakirudisha. Nitapita Jumamosi unipe jibu. Ingawa sidhani kama kuna swali hapo."

Hata mzee mwenyewe hakuona swali. Jumatatu alikwenda kwa kinyozi, akaagiza kunyolewa kwa sauti ile, na kinyozi akazima mashine yake. "Jamani, ni yeye!" Watu wakasogea kutoka duka la pili. Akawatania mmoja mmoja, vicheko vikija kwa wakati wake, na aliporudi nyumbani alikuwa akitembea kifua mbele. Jumanne akaenda kwa fundi viatu ilhali viatu vyake vilikuwa vizima. Jumatano akapita tena kwa kinyozi, kichwa hakina hata unywele wa kunyolewa.

Nyumbani, lakini, mambo yalibadilika kimyakimya. Mkewe alikuwa akimjibu kwa adabu, kama mtu aliye dirishani pa ofisi. "Ndiyo." "Sawa, nimesikia." Hakumtaja tena mke mwenza. Hakumtania hata pale mzee alipovaa fulana ndani nje.

Alhamisi mchana walikuwa wanakula. Mtangazaji akaandika sentensi ya kumfurahisha, na kishikwambi kikaitoa kwa madaha yote: "Mama watoto, chakula cha leo kimetia fora!" Ilisikika kama muhtasari wa habari.

Mkewe aliweka kijiko chini. "Naomba uizime."

Akaizima.

"Hiyo sauti naijua," mkewe alisema. Hakuwa na hasira. Alisema polepole, macho kwenye sahani. "Nimeishi nayo miaka thelathini na mmoja. Nilikuwa nafua nguo, redio iko dirishani, naisikia inawachekesha watu, inawapa pole wagonjwa, inawaambia madereva waendeshe kwa makini. Nikisema moyoni, mume wangu huyo. Halafu mume wangu anarudi, anavua viatu, ananyamaza. Maneno umeyamaliza huko. Sikukulaumu, kazi ni kazi. Lakini tangu upasuaji, na kidole chako kimoja, umeniambia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Habari za mama yako. Kwamba uliogopa watoto walipozaliwa. Na yule mwanamke mbovu wa matamshi alikuwa ananiambia mimi. Huyu wa sasa nikimsikia, najiona nimerudi kwenye beseni, nafua, nasikiliza wanavyoambiwa wengine."

Mtangazaji alikilaza kishikwambi kifudifudi mezani. Mkewe aliondoa sahani, na safari hii hakusingizia kitu jikoni.

Ijumaa alishinda ameshika tama, vishikwambi vyote viwili mbele yake. Kile cha zamani kilikuwa kimevimba mgongoni, betri imechoka. Kilikuwa hakina mwaka mwingine. Na akiwa mkweli, hakutaka kurudi kwenye sekunde tisa, hata kwa ajili ya amani ya nyumba. Alichukua kipya, akatafuta zile kanda ambazo binti alikuwa amezihifadhi humo. Akasikiliza moja, ya salamu za sikukuu. Akasikiliza ya mpira, ya msiba wa kitaifa, ya mashindano ya shule. Alikuwa akitafuta mahali popote anapoongea kama mtu aliye kwake. Hapakuwa na mahali. Kila kanda alikuwa akiongea na wasikilizaji wapenzi, na alipojaribu kuikumbuka sauti yake nyingine, ile aliyokuwa akirudi nayo, hakuweza. Jambo hilo lilimtisha kuliko siku alipoamka hospitalini bila sauti kabisa.

Jumamosi saa nne binti yao alifika akiwa na mfuko wa dukani. Mama yake alikuwa kwenye kochi akikunja nguo. "Haya, baba, nirudishe kipi?"

Mzee aliandika kwenye kipya, spika ameizima, akamgeuzia kioo: *Hiki kibaki. Ile sauti itoe.*

Binti alisoma mara mbili. "Niitoe? Baba, nimekaa kwenye stoo yenu ya redioni wiki tatu nakula vumbi! Kanda zaidi ya mia mbili!" Mzee alijua anamuumiza mtoto wake, na yeye mwenyewe alikuwa anaumia, maana sauti ile aliipenda. Akaandika: *Umenipa zawadi kubwa, mwanangu. Lakini hiyo ni ya kazini.*

"Sasa utaongea kwa sauti gani?"

*Ya hapa nyumbani.*

"Hiyo haimo kwenye kanda hata moja, baba. Ningeipata wapi?"

Mzee aliitikia kwa kichwa. Kisha akaenda hadi kwenye kochi, akaketi kando ya zile nguo, akamwonyesha mkewe kioo: *Ilikuwaje?*

Mkewe alimtazama, akidhani ni utani. Alipoona si utani, aliweka shati mapajani.

"Ilikuwa ndogo," alisema. "Ndogo, ina mikwaruzo. Kama ya mtu anayeongea huku anatafuta soksi."

Binti akacheka katikati ya machozi.

"Haikuwa na madaha yoyote. Ukirudi, hata viatu hujavua, ulikuwa unauliza neno moja pale mlangoni. Kila siku hilo hilo. Jibu wala ulikuwa hulingoji."

*Neno gani?*

Mkewe alikohoa kidogo. Akateremsha kidevu, akaitafuta sauti chini kabisa kifuani, na alipoipata ilitoka ndogo, imechoka, ina mikwaruzo.

"Upo?"

Miaka yote hiyo Mtangazaji alikuwa ameuliza, na hakuwahi kujua kwamba kuna mtu aliyekuwa akisikia. Akaandika: *Tena.*

"Upo?" mkewe akasema kwa sauti ile ile.

Akaandika tena, na safari hii mkewe alilazimika kuinama kusoma, kwa sababu mzee alikuwa amekikumbatia kishikwambi kifuani, kioo kikitazama nje.

*Nipo.*