Sahani Hairudi Tupu

Mzee Shamte alikuwa mlinzi wa bustani kubwa ya ziwani, nje kidogo ya Kilindoni, na kwa ukali wake ungedhani ziwa kalichimba yeye. Vijia vyote vya kuzunguka maji alivifagia mwenyewe. Langoni alitundika ubao mweusi; aliyechuma ua au tunda aliandikwa jina kwa chaki, likakaa wiki nzima watu wakilisoma. Aliwahi kumwandika bwana harusi aliyemchumia mkewe yungiyungi. Moja tu, jamani!

Kila Ijumaa baada ya sala, Bi Sabra, mjane wa Kirongwe, alikuja na wajukuu zake na kutandika mkeka karibu na maji. Ijumaa moja alimpelekea Shamte sahani ya wali wa nazi na samaki wa kupaka. Shamte akala, akalamba vidole, akaiosha sahani ikang'aa, akairudisha. Bi Sabra aliitazama, akashukuru, akaitia kapuni. Ijumaa iliyofuata sahani haikuja. Wala iliyofuata hiyo.

Shamte alijikuta anafagia mahali pamoja mara nne, hatua chache kutoka mkeka ule. Alimpenda yule mama, na hakuwa na wa kumwambia ila dada yake, Zuena.

"Uliirudisha na nini?" Zuena akamuuliza.

"Niliirudisha safi."

"Safi! Sema tupu! Kaka yangu, sahani ya mtu hairudi tupu. Umemwambia mwenzio asikuzoee."

Miaka thelathini kazi hiyo ilikuwa ya marehemu mkewe, Mize. Sahani zilitoka na kurudi, yeye hakujua hata kilichotiwa ndani.

"Sasa nifanyeje?"

"Peleka yako. Na usitie biskuti za dukani, hizo hata mpita njia hununua. Tia kitu cha hapo kwako. Asipokujibu, basi, shika ufagio wako."

Cha hapo kwake! Shamte hakuwa na shamba wala mnazi. Alikuwa na bustani tu, na bustani ilikuwa na ubao. Ijumaa asubuhi alilizunguka ziwa mara mbili. Upande wa pili mabungo yalikuwa yameiva, yananing'inia juu ya kijia. Akatazama huku, akatazama kule, kama mwizi wa kuku. Kisha akachuma sita, akayapanga kwenye sahani ya maua ya Mize, akafunika kawa. Halafu, maana haki ni haki, akaenda langoni akajiandika: "Shamte Mfaume. Mabungo sita."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye akaipeleka sahani mwenyewe. Bi Sabra alifunua kawa, akafunika.

"Ahsante, Mzee Shamte."

Alasiri akakunja mkeka, akawakusanya wajukuu, akaondoka na sahani.

Shamte alikwenda kufunga lango moyo ukimuuma. Akaona ubao wake umechezewa, akataka kufoka. Chini ya jina lake palikuwa na mwandiko wa taratibu: "Sabra Ussi. Nimeyapokea, nami niandikwe. Sahani itarudi Ijumaa, na haitarudi tupu."

Akausoma mara tatu. Kisha akafunga lango, akaenda zake kwa miguu, baiskeli yake ameisahau ndani.