Dume la Gody

Nimefanya kazi ya pembe miaka kumi na tisa, na jambo moja nilikuwa nalijua kwa uhakika: pembe ina tundu. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, wote ni hivyo hivyo. Nje kuna gamba, ndani kuna kiini. Unaichemsha, kiini kinalegea, unakivuta, unabaki na gamba la kutengenezea kitana, kifungo, kijiko au mpini wa kisu. Kwa hiyo kifurushi cha Gody kilipofunguliwa mbele ya baba, nikaona pembe yenye matawi manne kama tawi la mpera lililokauka, nilinyamaza. Wanaonijua wanajua kwamba mimi Ghati kunyamaza si jambo la kila siku.

Gody ni mdogo wangu. Yuko Norwei mwaka wa kumi na nne sasa, na katika miaka yote hiyo hajakanyaga Butiama. Hupiga simu Jumapili baada ya ibada, husema mambo ni mazuri, baba hujibu kwamba Mungu ni mwema, basi, wameagana. Safari hii mtu anayeishi naye mji mmoja huko alikuja likizo Musoma, akatuletea sweta mbili, pakiti ya kahawa, na ile pembe imeviringishwa kwenye gazeti. Kulikuwa na karatasi yenye maneno machache: Baba, hii ni pembe ya huku. Dada anaweza kukutengenezea mpini wa kisu.

Macho ya baba yamefifia, anaona mwanga na vivuli tu. Aliipapasa pembe kutoka shinani hadi kwenye ncha, akahesabu matawi kwa kidole, akarudia kuhesabu. Nilidhani ataniuliza ni kitu gani. Badala yake uso wake ukakunjuka.

"Ni ya dume," akasema. "Dume kubwa kweli la huko kwao, hata pembe zina matawi. Mwanangu amechinja."

Hapo lazima nieleze, maana asiye wa ukoo wetu hataelewa. Kwetu mtoto wa kiume anapochinja dume lake mwenyewe, siyo la baba yake, kwa ajili ya wageni wake mwenyewe, anamletea baba pembe moja. Maana yake ana zizi, ana mke wa kupika, ana watu wa kula nyama yake. Baba anaifanya pembe ile kuwa mpini wa kisu, kisha anaita wazee, anakitoa kisu, na anasema neno lake kuhusu mji wake, yaani nyumba na kiwanja chake. Neno lenyewe husemwa katika kikao cha wanaume. Mimi nimetengeneza visu vya namna hiyo zaidi ya kumi, vya koo za hapa na za Bunda, na sijawahi kukaa hata kikao kimoja. Ninapeleka kisu mlangoni, ninaambiwa asante, ninarudi jikoni.

"Kitengeneze, Ghati," baba akasema. "Na umwambie Yakobo. Jumamosi nitasema nyumba hii inakuwaje."

Yakobo ni baba mdogo, mdogo wake baba. Nilimpigia simu. Nilijua, au nilidhani najua, neno la Jumamosi lingekuwa nini. Baba ana kisu alichopewa na babu, na baba ana mji huu mkubwa. Yakobo hana kisu, na anaishi kwenye nyumba ya zamani ya babu iliyojaa nyufa. Hesabu gani tena? Mwenye kisu ndiye mwenye mji. Gody angepewa mji kwa pembe iliyokuja na gazeti, na mimi je?

Mimi nilirudi nyumbani miaka minane iliyopita nikitokea Kibara, ndoa imekufa, mkononi begi moja na msumeno. Bati za nyumba hii niliziezeka mimi. Baba namshika mkono asubuhi na jioni kumpeleka anakokwenda. Siku nne za wiki nashinda Nyasho, Musoma mjini, kwenye chumba changu cha kazi, ambacho ni cha kupanga na hakina hata dirisha, na jirani anamwangalia baba. Nikitolewa Butiama sina pengine. Nasema wazi: nilimchukia Gody wiki ile, na kumchukia mtu aliyenitumia sweta kulinichanganya zaidi.

Jumatatu nikaingia kazini na pembe yangu ya ajabu. Nikaifanya kama ninavyofanya zote, nikaitia kwenye sufuria la kazi niichemshe ilegee, nikivute kiini, niibane kati ya mbao inyooke. Saa moja ikapita, saa mbili zikapita. Haikulegea. Ikaanza kunuka supu. Jenipher, anayeuza uji mlango wa pili, akachungulia.

"We Ghati, leo umeacha pembe unapika makongoro?"

"Kama ni makongoro nitakuita."

"Usinisahau tu. Mimi napendaga mchuzi."

Nikaitoa. Ilikuwa ngumu vile vile. Nikakata ncha ya tawi moja kwa msumeno wa chuma nione tundu. Hakuna tundu. Ilikuwa mfupa mtupu, pembeni mgumu, katikati una vijishimo vidogo kama mkate. Nikaanza kujiuliza kama ni pembe kweli au Gody ametutumia mguu wa kitu. Kisha nikaigeuza nikaangalia shina lake, na hapo ndipo nilipokaa chini. Kila pembe niliyowahi kuipokea machinjioni Bunda ina alama ya shoka au ya msumeno. Hii haikuwa na alama yoyote. Shina lake lilikuwa la duara, lina vinundu vinundu, safi. Hakuna aliyeikata. Sasa imetokaje kichwani?

Nikampigia Gody. Hakupokea mpaka Alhamisi mchana.

"Gody, huyu ni ng'ombe gani?"

"Siyo ng'ombe, dada. Mnyama wa porini. Kama swala, lakini mwili wake mkubwa, mkubwa kuliko ndama."

"Na wewe umemchinja? Huko mtu akichinja mnyama wa porini hafungwi?"

Akacheka. "Nani amechinja? Nimeiokota. Zinaangukaga zenyewe kila mwaka, halafu zinaota zingine."

"Pembe inaanguka. Kama jino la mtoto."

"Eeh."

"Na mwenyewe yuko hai?"

"Yuko hai, anakula majani yake."

Nikamwambia asinifanye mjinga. Akaapa. Akanieleza kwamba huko kuna watu wanaopenda kwenda kukaa porini kwa starehe tu, wanawasha moto, wanalala nje kwenye baridi, na wanazisaka pembe hizi kuliko kitu chochote. Shina wanalifanya mpini wa kisu, ncha wanazifanya sindano kubwa za kushonea ngozi, ndoano, filimbi, vifungo vya makoti. Alinieleza hata kosa langu. Nisiichemshe ilegee, haitalegea kamwe. Nichemshe kidogo tu, nitoboe katikati penye ulaini, nipenyeze mkia wa kisu, ile ncha ya chuma inayoingia mpinini, pembe ikiwa bado ya moto. Ikipoa inakikamata chuma.

"Wewe umejulia wapi hayo?"

"Siku zangu za kupumzika naendaga porini. Peke yangu tu. Sina mtu wa kukaa naye, dada."

"Na mke?"

"Mke gani?"

"Gody. Baba amepapasa hii pembe akasema umechinja dume. Amemwita baba mdogo. Jumamosi kuna kikao."

Nikasikia anafunga mlango huko aliko. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye anaosha vyombo katika hoteli, anakaa chumba kimoja na watu wawili, na alituma pembe kwa sababu ilikuwa nzuri na haikuwa na bei. Hakukumbuka kabisa habari ya dume. "Usimwambie, dada. Mwache tu afurahi."

Mwache afurahi! Furaha yake ndiyo iliyokuwa inanitoa mimi nyumbani. Nikakata simu nikaitengeneza ile pembe kwa hasira, na kila alichosema Gody kikawa kweli. Mkia wa kisu uliingia kama kidole kwenye ugali wa moto, na ulipopoa sikuweza kuutikisa hata kwa koleo. Ni mpini mzuri kuliko yote niliyowahi kutengeneza. Nilitaka kuutupa ziwani.

Siku mbili nzima sikujua nifanye nini. Nikiwa ndani ya basi la Butiama naamua nitasema, nikishuka naamua nitanyamaza. Nikisema, namvunja mzee moyo. Nikinyamaza, mji unakwenda kwa mtu asiye na hata kitanda chake, mimi nahama. Niliomba Mungu anioneshe, na sikuoneshwa kitu.

Jumamosi wakaja Yakobo na wazee wawili wa jirani, wakakaa sebuleni. Nilileta chai, kisha nikaleta kisu nikampa baba mkononi. Alipitisha kidole gumba kwenye mpini, polepole, akatabasamu.

"Wazee wenzangu," akaanza, "mwanangu Gody amechinja dume lake huko aliko. Kwa hiyo leo nataka kusema kuhusu nyumba hii..."

Nilikuwa nimefika mlangoni. Ningechukua hatua moja tu ningekuwa jikoni.

"Baba, kabla hujasema."

Yakobo akaniangalia kwa jicho kali. Sikujali. Nilisema yote pale pale nikiwa nimesimama na sinia. Kwamba pembe haikukatwa, ilianguka. Kwamba mnyama si ng'ombe na yuko hai. Kwamba Gody aliiokota chini, kama mtu anavyookota kuni.

Baba hakukasirika. Aligeuza uso wake nilikokuwa.

"Hana ng'ombe?"

"Hana, baba."

"Mke?"

"Hana."

"Anakaa kwa nani?"

"Chumba kimoja na watu wawili. Anaosha vyombo."

Akakiweka kisu mezani. Machozi yakamtoka, yale machozi ya wazee yanayoshuka bila sauti. Mzee mmoja akakohoa, mwingine akaangalia kikombe chake.

"Basi mwanangu hana mji," baba akasema. "Basi nyumba hii ni ya Gody. Hana pengine."

Sikuelewa. "Lakini si ndivyo ulivyokuwa unataka kusema tangu mwanzo?"

Hapo Yakobo akajipiga paja. "Ghati! Umefanya nini wewe?"

"Nimesema ukweli."

"Kisu ni cha anayetoka! Anayechinja dume lake amepata mji wake, baba anampa kisu, anambariki, wanaachana kwa amani. Nyumba inakuwaga ya aliyebaki. Kwa nini unadhani mimi nipo kwenye nyumba ya babu yako? Baba yako alipewa kisu akaja kujenga huku, mimi nilibaki nikapewa nyumba." Akashusha sauti. "Leo alikuwa anakupa wewe. Nani mwingine amebaki?"

Nikaliweka sinia chini. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nikajikuta nimemgeukia baba mdogo kwa ukali.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Hukuuliza."

"Mliniita lini nikae niulize? Visu vyote hivyo nawatengenezea mimi!"

Nikamwangalia baba nikingoja aseme kwamba neno la kwanza linabaki, kwamba mimi ndiye niliyeezeka bati. Lakini nilimjua baba. Kwake aliyeshiba hawekewi chakula, anawekewa mwenye njaa, na mimi dakika tatu zilizopita nilikuwa nimemwonesha mwenye njaa ni nani.

"Mpigie," akasema. "Mwambie arudi, nyumba ipo. Ongea wewe, mimi sauti haitoki."

Nikapiga. Gody akapokea mara ya kwanza, nyuma yake vyombo vinagongana. Nikamwambia kwamba baba ameshajua yote, kwamba sikuweza kunyamaza, na kwamba amempa nyumba na anamtaka arudi nyumbani. Nilidhani atanitukana.

"Dada, sirudi," akasema. "Karatasi zangu hazijakaa vizuri, nikitoka siingii tena. Na nije na nini? Nije baba anipapase mikono mitupu? Mwambie sirudi." Alikuwa analia kama alivyokuwa akilia utotoni, kwa kwikwi. Kisha simu ikakatika.

Sebuleni hapakuwa na anayekunywa chai. Baba alikuwa ameinua kichwa, shingo imenyooka, macho yale yasiyoona yameelekea kwenye simu yangu.

"Anasemaje?"

Nilikuwa nimesema ukweli mara moja siku ile, na niliona ulichofanya. Mpaka sasa sijui kama maneno yaliyofuata niliyasema kwa ajili ya baba, au ya Gody, au ya bati zangu.

"Anashukuru, baba. Anasema atakuja. Anasema nikae nimtunzie mpaka afike."

"Amesema hivyo?"

"Ndiyo."

Baba akavuta pumzi, akaegemea kiti. "Basi mtunzie vizuri. Mwulize atakuja mwezi gani."

Yakobo alikuwa ananitazama. Sikuishusha simu. Niliiacha hapo hapo sikioni, imekufa, nikageukia ukutani.

"Gody," nikasema, "baba anauliza mwezi gani."