Kitanda cha Lemburis

Sumari alipopata nafasi katika chuo cha ualimu, chini kidogo ya migomba ya mwisho ya Mlima Meru, jambo lililomfurahisha kuliko yote lilikuwa kitanda. Kwao Poli walilala nyumba moja na ng'ombe, kama majirani wote: wazazi upande mmoja, ng'ombe upande wa pili, na yeye katikati, juu ya ngozi, akitenganishwa nao na fito tu. Usiku kucha walicheua. Alikwenda shule ya misheni akinuka moshi na samadi, akajiahidi kwamba siku moja atalala kama mtu aliyesoma.

Bweni lilikuwa na vitanda vya chuma, shuka nyeupe, na picha ya Malkia juu ya mlango. Usiku wa kwanza Sumari alilala fofofo. Asubuhi akakuta wenzake wanamlalamikia Lemburis, kijana wa Kiarusha aliyelala kitanda cha jirani, kwamba anasaga meno usingizini. Sumari hakuwa amesikia kitu, lakini hakutaka kuonekana mshamba. Akasema, kwa sauti kuliko wote, kwamba mtu anayetafuna usiku kama ng'ombe hafai kulala na watu. Jioni ile Lemburis akahamishiwa stoo ya majembe. Hakubisha. Alikunja blanketi lake vizuri, akajitwika godoro akaondoka.

Kuanzia hapo Sumari hakupata usingizi. Alilaumu maharage, kisha vyuma vya kitanda, kisha upepo wa mlimani. Hatibu, mtoto wa mfanyabiashara wa mjini, ambaye sasa ndiye aliyekuwa jirani yake, alimshauri asome dua. Sumari, Mlutheri, alisoma Zaburi. Bweni lilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu, naye akaitazama dari mpaka kukapambazuka.

Usingizi ulimjia darasani. Mkuu wa chuo, Mwingereza mpole, alimkuta amelaza shavu juu ya ramani ya Dola ya Uingereza. Alimwambia kwamba serikali haisomeshi walimu wa kulala, na kwamba akimkuta tena atamrudisha kwao. Sumari akamfikiria baba yake, Mzee Yoeli, aliyesimama mbele ya usharika mzima kutangaza kwamba mwanawe ameitwa chuoni. Kwa sasa alipewa adhabu: kusafisha banda la ng'ombe wa Mkuu, wakati wenzake wakipumzika baada ya chakula cha mchana.

Adhabu hiyo ilibuniwa kuwaaibisha vijana waliokwisha kuvaa viatu. Sumari alifagia, akatandaza majani makavu, akaketi kidogo. Ng'ombe akaanza kucheua. Alipozinduka, kengele ya alasiri ilikuwa inalia na kichwa chake kilikuwa chepesi. Siku ile alijibu kila swali la hesabu.

Alielewa, na hakupendezwa na alichoelewa. Hakumwambia mtu. Adhabu ilipokwisha, aliomba iendelee.

"Wenzako wanaomba ruhusa ya kwenda mjini," Hatibu alimwambia. "Wewe bwana unaomba samadi."

Habari zilimfikia Mkuu, zikamgusa. Aliwaambia wanachuo kwamba amefundisha unyenyekevu katika nchi hii miaka mingi na hatimaye amempata aliyeelewa somo. Akamfanya Sumari kiranja, akampa chumba cha kiranja chenye kuta za mawe na mlango mzito, na banda akapewa mwingine aliyehitaji kunyenyekezwa. Sumari alishukuru. Kabla ya Jumamosi alikuwa akijifinya paja darasani ili asifumbe macho, na Mkuu alikwisha kuanza kumtazama.

Akaenda stoo. Lemburis alikuwa ameketi juu ya godoro, akikaza mpini wa jembe.

"Hamia chumbani kwangu," Sumari alisema. "Kitanda cha pili kinaenea."

"Mimi natafuna kama ng'ombe. Ulisema mwenyewe."

"Nilisema."

"Sasa wataka nini?"

Sumari aliyatazama majembe. Angeweza kuzungumza juu ya haki, au udugu. Kiranja hakosi maneno ya namna hiyo.

"Nyumbani tunalala na ng'ombe," alisema. "Nisipoisikia ile sauti, silali. Nikisinzia tena mbele ya Mkuu, narudi kwetu."

Lemburis aliweka jembe chini.

"Wangapi?"

"Wawili. Na ndama."

"Nitajitahidi kwa hao wawili," Lemburis alisema, akianza kukunja blanketi. "Ndama utamkosa."

Jumapili, Mkuu alihutubia juu ya kiranja aliyempokea chumbani mwake mtu aliyekataliwa na wote. Walalamikaji wa zamani waliinamisha vichwa. Sumari alisikiliza hotuba nzima macho yakiwa maangavu kabisa, na hakusahihisha neno. Kando yake Lemburis alitazama mbele kwa adabu, akisogeza taya polepole, bila kitu mdomoni.