Za Bure

...na hiki kijiti ndicho kitakachoniponza, kijiti chenyewe hata maji ya chai ya mtu mmoja hakichemshi, nimekivunja gotini kikalia pa! na sauti za kule nyuma ya kichaka zikakatika hapohapo, "shh, umesikia?", huyo ni Fundi Redio, hajui kunong'ona, hata msibani huongea kama anajaribu spika, na alipo yeye ndipo alipo mume wangu, wawili hao ni kama kandambili, wa kushoto na wa kulia, kila mmoja na bunduki yake ya kuwindia, na mimi nimechutama huku na sweta la kahawia, kahawia jamani, na sanduku zima limejaa masweta ya rangi nyingine, mzigo wa kuni mgongoni, kichwa chini, ukinitazama kupitia majani nina tofauti gani na nguruwe pori... sema basi, mama, neno lenyewe fupi, "Mtu!", bwana misitu alituambia siku ile ya kwanza, kuni ni bure, chukueni zilizoanguka zenyewe, panga marufuku, vunjeni kwa mkono, na kila mkivunja pigeni kelele, mtu, mtu, wawindaji wajue kinacholia ni nini, na wenzangu huipiga mpaka inakuwa kama wimbo, lakini leo nimekuja peke yangu na nimeufunga mdomo tangu nilipoingia, ya nini kupiga kelele, si walisema wanawinda bondeni, nani alijua watapanda huku? yaani hakuniambia mimi, alimwambia paka, jana jioni, kakaa kwenye kigoda anapangusa mtutu kwa kitambaa changu cha vyombo, "Paka, mwambie mwenzako kesho tunashuka bondeni," na mimi nikaigeukia sufuria, "Sufuria, umesikia mambo hayo?", ila sufuria sikuiambia kwamba na mimi nakuja msituni, huku juu, upepo wa juzi umeangusha matawi hata kuchagua unachoka, sikuiambia kwa sababu nimenuna, na mimi nikinuna nimenuna, niliapa atafungua mdomo yeye kwanza, hata tuzeeke, hata paka afe tutafute mwingine wa kutupelekea salamu...

"Labda upepo," anasema Fundi Redio, na mume wangu, chini kabisa, "Upepo hauvunji kuni," ...ah, hapo tu ndipo umepata akili, baba, siku hizi zote zilikuwa wapi... na mguu umeanza kufa ganzi, usitikisike wewe mguu, tafadhali... nikisema "mtu" atajua sauti yangu, atajua nimeanza mimi, atarudi nyumbani kifua mbele, na lile neno lake litakuwa limepita hivihivi bila kulipiwa, na lilinichoma lile, lilinichoma mbele ya dada yake, wifi yangu kaja kututembelea, katazama kuni nilivyozipanga ukutani, nyembamba juu, nene chini, akasema wifi kuni zako nzuri hizi umezitoa wapi, nikasema kwa furaha yangu, za bure hizo wifi, na mume wangu anachokonoa meno, "Za bure, kama aliyezileta," wakacheka, wifi alicheka kidogo akaona uso wangu akaacha, yeye akaendelea peke yake, na usiku mzima nikaligeuza neno hilo kama tambi za jiko lililogoma kuwaka, bure, bure, kitu usichokitolea jasho, na pia kitu kisichofaa, neno moja tu, na yeye alijua anatumia upande upi... na mkono huu uliopasuka kwa kuvunja kwa goti, nao ni wa bure?... na sasa hivi, kabla ya kijiti, walikuwa wakibishana juu ya bunduki zao, Fundi Redio anamcheka, "Hiyo darubini yako inakuonyesha mpaka kope za nguruwe, ila kumpata humpati," na ni kweli, mume wangu ana darubini na ana kitako cha mti mzuri na ana mikono inayotetemeka, msimu mzima hajaleta hata mkia, na akajibu kitu, akasema "nimemkosa", au alisema "nimemkosea", majani yakapita katikati, mwisho sikuusikia, nimemkosa ni nguruwe, nimemkosea ni... amemkosea nani mwingine kama si mimi?... hapo ndipo mikono ikavunja kijiti bila kuniuliza, na sasa nakufa kwa herufi moja... na angalia bahati yangu, mtu ambaye siku zote hukosa, leo ndiyo siku ya kulenga vizuri, watamsifia...

Fundi Redio tena, na huo ndio mnong'ono wake, msitu mzima unausikia, "Sasa si umwambie tu? Ukimwambia mkeo umekosea utapungua kilo?" na mume wangu, "Nimwambieje, haongei na mimi. Nimtume paka?"... nimemkosea, alisema nimemkosea, na ile herufi e nimeipata sasa, mpumbavu wewe, mpumbavu na mimi, wapumbavu wawili na paka mmoja mwenye akili... na hapo mguu ukateleza, majani yakalia chini yangu, "Huyo huyo!" na nikasikia chuma kikivutwa nyuma na kurudi mbele, amekoki, nimeolewa na mlio huo najua ni bunduki ya nani, na nangoja kiburi changu kinizuie na hakinizuii, kumbe nilikuwa nimekaza mdomo nikidhani namnyima yeye sauti, na sauti yenyewe ni yangu, itatoka kwa ajili yangu, atakayeringa na aringe...

"Mtu!"

Ndege wameruka, na mimi bado nimechutama palepale na kuni mgongoni, "Mtu! Mtu hapa!", kisha sauti yake, si ya nyumbani, sijawahi kuisikia, nyembamba, "Mtu gani?" na ninajua anajua, na anaomba Mungu isiwe kweli, na jibu limenijia mdomoni lenyewe, tamu na chungu, nikampa:

"Wa bure!"

...na nikasikia risasi ikitolewa ndani ya bunduki, ikaanguka kwenye majani, kisha kitu kizito kikaifuata, bunduki au yeye mwenyewe, sijui, siinuki kwenda kutazama, hukohuko alipo ndiko atakakoanzia safari ya kuja.