Makala Yasiyolia

Mimi ninacheka hata matangani, mji wote wa Baraka unajua. Kuna jambo moja tu sijalichekea, nalo ni la mwaka hamsini na nne.

Mume wangu Anatole alichoma makala, makaa ya miti, kwenye njia ya Lubondja. Alipanga magogo, akayafunika majani na udongo, akawasha, akaacha matundu. Kisha kazi ilikuwa kutazama moshi. Ukiwa mweupe, maji yanatoka mutini. Ukiwa wa njano, ngoja. Ukiwa wa buluu, mwembamba, ziba matundu, tanuru lipoe.

"Baba," nilimwambia, "ungenitazama mimi hivyo, tungekuwa na batoto makumi."

Makala yale aliyachukua Mugiriki mmoja mwenye lori kuukuu lenye pipa mgongoni. Lori lile halikunywa esansi, petroli ya magari mengine. Makala yaliungua ndani ya pipa, na hewa yake ndiyo iliyozungusha injini. Wengine waliacha mambo hayo vita ya wazungu ilipoisha, lakini Mugiriki yule alikuwa bahili hata wa kutema mate.

Asubuhi moja mdogo wangu Suzanne aliingia siku ya pili ya uchungu. Mutoto alikuwa amelala vibaya tumboni. Mkunga akasema huyu ni wa hospitali ya Uvira. Norbert, dereva wa lori, akaja mbio kwenye tanuru letu.

"Pipa iko tupu, mama. Hata kipande kimoja sina."

Moshi ulikuwa wa njano.

"Kesho," Anatole akasema.

"Kesho tutazika! Fungua, ama unapenda tanuru kuliko shemeji yako?"

Akafungua. Tukavuta makala kwa majembe, tukayazima kwa mchanga, mikono ya Anatole ikababuka. Akaniambia, "Mama Immaculée, gonga, usikilize."

Ndivyo tulivyopima. Unagonganisha vipande viwili. Yakilia kama chupa, yameiva. Yakinyamaza, ni muti bado, na utomvu wake umo ndani.

Nikagonga. Ilikuwa kama kugonga muhogo.

"Yanalia?"

"Yanalia kama kengele ya misioni!" Nikacheka, ili aamini. Angesikia ukweli, angerudishia udongo.

Tukamlaza Suzanne kwenye godoro nyuma ya lori, mimi nikakaa kichwani pake. Lori lilikwenda vizuri mpaka Lusenda, nami nikaanza kujisifu moyoni. Kwenye kilima cha mbele likakohoa mara tatu, likasimama. Norbert akafungua bomba. Lami nyeusi ikatoka, nzito kama bugali usioiva.

"Nani alipima haya makala?"

Nikatazama ziwa lililokuwa chini yetu.

Akakwangua bomba kwa kisu, akawasha, likakohoa tena. Jua likapanda. Suzanne akanishika kidole.

"Yaya, dada yangu, wewe ndiye wa michezo. Nichekeshe kidogo."

Mimi, niliyemchekesha padri katikati ya misa, nikatafuta neno moja la mchezo, nikakosa. Alikuwa bado anangoja neno langu alipoacha kunishika. Mutoto hakutoka.

Tulimrudisha Baraka kwa machela, kwa miguu.

Anatole hakuniuliza kitu, wala matangani, wala baadaye. Lakini tanuru lililofuata alipolifungua, alichukua vipande viwili mwenyewe, akanipa mgongo, akagonga. Alifanya hivyo mpaka alipokufa.

Yalilia vizuri. Nilikuwa nikiyasikia kutoka jikoni.