Butiki ya Muhumba na Chai ya Koko Eulalie

Wamama wenye kuwa na nyumba ya zamani, musome hii mbele ya kugeuza saloni, pale munakaribishia wageni, kuwa butiki ya kuuzishia nguo.

Nyumba yetu iko mutaa wa Muhumba, ni ya zile Wabelgiji walijenga: ukuta ya muviringo mbele, dirisha kubwa yenye kuangalia barabara, na kwa saloni mahali pa kuwashia moto ambapo hakuna mutu amewasha tangu niolewe mule. Binti yangu Valérie alimaliza masomo, akazunguka kutafuta kazi, biro zote zikamwambia arudie kesho. Akasema tuuzishe vitenge ndani ya saloni; ikishindikana, mbele ya Noeli anaenda Kampala kwa rafiki yake. Tangu siku ile usingizi ulinikimbia. Kampala mutoto anaenda na valizi moja ya nguo, anarudia na mume asiyesalimia watu.

Tukapaka rangi, tukapanga rafu, tukatundika vitenge kwa dirisha. Hakuna mutu alifikiria mama mukwe wangu, koko Eulalie, bibi ya Valérie. Kwa akili yake, mutu akiingia na mulango ya mbele ni mugeni. Na mugeni anakaa, anakunywa kitu, anaulizwa habari ya kwao.

Wa kwanza kuingia alikuwa mwalimu mumoja, maman Delphine, akitafuta kitenge ya harusi. Koko akamukalisha. Akamuuliza yeye ni wa kwa nani kule kwao Nyalukemba, akakuta zamani yeye koko aliimbaga na bibi ya Delphine kwa korale ya kanisa. Chai ikatoka, na karanga. Kisha koko akamuombea kwa Mungu safari njema ya kurudia kwao. Sasa mutu amekunywa chai yako, amefunga macho pamoja na wewe, ataanza aje kukuambia kitenge yako iko bei kali? Delphine alitoka mikono mitupu, na haya. Kesho yake akarudi na nanasi ya kumupa koko.

Ikawa hivyo. Saloni inajaa, vitenge vinatulia, sukari yangu inaisha. Valérie alimuomba koko abakie juu kwa chumba. Koko akauliza kama tulishamuzika bila kumujulisha.

Ile juma Valérie alianza kupiga pasi nguo za safari, Bintu akakuja. Bintu anatuleteaga ndizi toka Bunyakiri, na anapitia mulango ya jikoni, sawa muuza makala ya kupikia na muuza maziwa. Akaona kitenge moja juu ya meza, akauliza bei. Koko alikuwa anachambua maharagi. Alipoinua macho, nikaona amegeuka mutu mwingine.

"Hii? Wewe Bintu, hii utavaa mpaka wajukuu wako waigombanie."

"Koko, itachuja rangi."

"Itachuja siku ndizi zako zitaanza kuiva."

Hakumupa hata maji. Walivutana mpaka maharagi ya jana yakaungua kwa moto, kila mumoja akimuita mwenzake mwizi kwa mapendo, na Bintu akalipa. Kesho akaleta wenzake wa soko.

Maana kwa mulango ile ya nyuma koko amebishana bei maisha yake yote. Mbele ni ugeni, nyuma ni biashara, na hakuna rafu itabadilisha ile.

Ndiyo nawaambia: muangalie kwanza muzee wenu anakuwa mukali kwa mulango gani. Valérie alipima jikoni na kamba, aone rafu zitaenea wapi, akasimama katikati ya masufuria yangu.

"Maman," akasema, "utafute pa kupikia."

Mutoto anayepima jikoni haendi tena Kampala. Nilibeba masufuria mpaka inje, mvua ikinyesha, nikiimba.